Mtoa Amri

Biira alikuwa anageuza kahawa mkekani, mbele ya nyumba yake huko Kyarumba, askari wawili walipofika wakitweta kwa mlima. Waliomba maji, wakanywa, wakashukuru, kisha wakamwambia alale kifudifudi. Tume ya rushwa ya Kampala ilikuwa njiani kuja Bwera kumchunguza Chifu Mugenyi, aliyewanyang'anya watu kahawa akidai ni ya magendo, halafu akaivusha mwenyewe kwenda Kongo. Mashahidi wengine walikwisha kupoteza kumbukumbu. Alibaki Biira, mjane mwenye kichwa kigumu.

Walimchapa viboko. Biira aliuma kitenge akingoja maumivu, yasije. Alisikia vishindo tu, kama jirani anakung'uta mkeka. Maumivu yalishuka Bwera kwa aliyetoa amri. Chifu alikuwa mezani anakula samaki wa Katunguru; mgongo ulimpasuka shati likiwa zima, akaangukia sahani. Mganga wa zahanati alimshona na kumshauri apunguze kuamrisha.

Chifu hakuwa mjinga. Mara ya pili alimwachia sajini aamrishe kwa akili yake, na sajini akavunjika mbavu kabla Biira hajajipangusa vumbi. Baada ya hapo kambi nzima ilifunga mdomo. Biira alipita sokoni Bwera shingo juu, askari wakimpisha njia. Alifurahi, na kwa nini asifurahi? Hakuwahi kuogopwa na mtu.

Ndipo walipomchukua mdogo wake, Kule. Hakuna aliyemgusa. Walimfungia stoo, wakasahau kumpa maji, na kusahau hakuhitaji amri ya mtu. Midomo ilipompasuka, sajini alimweleza kupitia dirishani kwamba maji yapo, ila kuna neno dogo la kusema kwanza.

Siku ya kikao, wajumbe wa tume wakinywa chai ukumbini, Biira alilazwa uani nyuma ya jengo. Kule aliegemezwa ukutani.

"Kule, usiseme," Biira alimwambia.

"Dada, wewe hautaumia." Akawageukia askari. "Mupige yeye."

Wakapiga. Kiboko kilitua kwa Biira, ngozi ikachanika kwa Kule. Kilitua tena, mkono wa Kule ukavunjika juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza nje. Jino lilimtoka. Biira aliyaona yote akiwa chini, mzima, bila hata mkwaruzo, na uzima ule ulimtia kinyaa. Alitamani maumivu yale yawe yake kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Kule alipoanza kukohoa damu, Biira alisema amesahau. Alisema hakuwahi kuwa na kahawa, na chifu hamjui vizuri.

Mwenyekiti wa tume, bwana mpole wa miwani, alitoka na kikombe chake kuangalia kelele. Aliuliza nani amempiga kijana yule.

"Hakuna, afande," alijibu askari. "Sisi nilipiga huyu mama."

Mwenyekiti alimtazama Biira, akaona hana jeraha. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, hivyo akauliza nani aliamuru mama apigwe.

"Huyu mwenyewe. Kule."

Kule alipoulizwa aliitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Mwenyekiti alimpa Biira kitambaa chake cha mfukoni, akasikitika sana kwamba bado kuna watu wanaowatesa dada zao. Chifu alisafishwa kabla ya chakula cha mchana, na mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Mkono wa Kule uliunga vibaya. Hakuweza tena kubeba gunia kushuka kutoka Kyarumba, na mtu lazima ale. Chifu akampa kazi, na sare ya kaki. Anayetakiwa kupigwa hulazwa uani, Kule husema neno lake, askari huchapa, na yule aliyechapwa huinuka akajipangusa. Ushahidi hubadilika vilevile, kwa sababu hakuna anayevumilia kumwona akichanika; Kule ni mtoto wa watu na kila mtu anamjua. Machifu wa upande wa Bulembia walikuja kuona, wakaondoka wakiulizana wao watampata nani.

Jioni Biira humkanda kwa kitambaa na maji ya moto. Hamlaumu. Siku moja alimuuliza kama maumivu ya kesho yatakuwa nafuu. Kule alikuwa amelala kwa tumbo, anasema polepole kwa sababu ya meno.

"Kesho iko wengi, dada. Chemsha maji mingi."