Nyasi Iitwayo Kui

Jumamosi ya kumbukumbu ya Daktari Wanyoike, vijana wa hema walifika nyumbani kwake Kitengela na nyundo mbili, na zote mbili zikashindwa. Ua ule haukuwa umeona mvua tangu mazishi, mwaka mzima uliopita. Udongo mweusi ulikuwa na nyufa za kumeza kiatu cha mtoto, na kila kigingi kilichogongwa kilipinda. Mugure, mjane wa daktari, akawaambia wafunge kamba kwenye mawe ya machimbo yaliyobaki walipojenga jikoni. Wakafunga, wakapanga viti, na ibada iliyotangazwa kuwa ya saa nne ikaanza saa tano na nusu, kama kawaida yetu.

Mugure alikuwa na haja moja tu siku hiyo. Kwa Wagikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Yeye na Wanyoike walimpata Mwihaki, kisha wavulana tu. Jina la Kui, mama yake Mugure, likabaki bila wa kulirithi. Bibi hakulalamika, lakini kila alipokuja kutembea aliwatazama wajukuu mmoja mmoja, akashusha pumzi. Basi Wanyoike, aliyekuwa mtafiti wa malisho katika kituo kimoja huko Kajiado, alipopata nyasi isiyokufa kwa kiangazi, alifunga safari hadi kwa mama mkwe na mche ndani ya kopo la rangi. Akamwambia mtoto amepatikana, anaitwa Kui. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akautemea mate ya baraka jinsi anavyofanyiwa mjukuu, na mwaka huo huo akafa ameridhika.

Wanyoike naye alipofariki, kituo kiliisajili nyasi ile kwa jina la mkurugenzi, Daktari Munguti. Ikaitwa Munguti Namba Moja. Munguti alikuwa amealikwa kusema machache, na kwa simu alimwahidi Mugure kwamba atalitaja jina halisi mbele ya watu. Mugure hakutaka kingine. Alitaka mtoto arudishiwe jina la mama yake.

Aliyetangulia kusema ni Mwihaki. Alisema baba yake alionja kila nyasi kabla ya kumpa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe akilishwa vibaya hana pa kushtaki. Aliposema hivyo, nyasi ziliota miguuni pake, urefu wa kidole. Mwihaki akasogeza waya wa kipaza sauti usinaswe, akaendelea. Alisema Kui alizaliwa nyuma ya karo la kufulia. Baba alirudi kila jioni na mbegu zimenasa kwenye soksi, mama akimgombeza huku akicheka, na maji ya soksi hizo yakamwagwa pale pale. Kiangazi kikali kilipokuja, kila kitu kilikauka isipokuwa kishungi kimoja nyuma ya karo. Aliposema hayo, nyasi za miguuni pake zilifika magotini na kuenea hadi safu ya tatu. Watu wakainua mikoba yao.

Basi ikawa furaha tupu. Kila mtu alitaka kipaza sauti. Mmoja wa wavulana alisema baba aliwafundisha kumsuka dada yao nywele ili mama apumzike Jumapili, na nyasi zikachanua. Jirani alisema Wanyoike alimlimia shamba alipovunjika mguu, akaimba vibaya mchana kutwa. Nyasi zikafika kiunoni. Mjomba mmoja aliyetia chumvi alipata majani machache ya kahawia, akarudi kuketi bila kuambiwa. Wapishi walinung'unika kwamba mbegu zinaingia kwenye mukimo, wakafunika sufuria. Akina mama walipiga vigelegele, na Mugure alilia na kucheka kwa pamoja, kwa maana mume wake alikuwa amemjaa moyoni tena, mzima mzima, na soksi zake.

Lesiamon, mfugaji jirani wa Kimaasai, alikuwa amepiga simu boma mapema ng'ombe waletwe, wale waliobaki, mbavu nje. Waliingia langoni wakati anashika kipaza sauti.

"Huyu mzee alikuja kwangu wakati wa ukame," alisema. "Wengine waliniambia niuze ng'ombe. Yeye alikaa, akakunywa chai haina maziwa, akaniuliza majina ya ng'ombe. Zote. Na mwaka uliofuata bado alikuwa anajua."

Nyasi zikafika shingoni mwa ng'ombe, nao wakala.

Kisha akainuka Munguti. Alisema kituo, chini ya uongozi wake, kilifanya kazi usiku na mchana hadi kikaivumbua Munguti Namba Moja, na marehemu alisaidia sana. Nyasi zilizama ardhini chini ya viatu vyake. Alikuwa mtu wa kutembea anapohutubia, kwa hiyo kila alipopita palibaki peupe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Munguti ilizunguka hema lote na kurudi. Jina la Kui hakulitaja.

Lesiamon akang'oa nyasi, akamwendea, akamwekea mkononi.

"Daktari, shika hii. Kwetu mtu akishika nyasi anasema ile ukweli, na maneno inaisha hapo. Hakuna mtu atakuuliza tena."

Mugure alisogea ukingoni mwa kiti. Munguti alizigeuza nyasi zile, akatazama mizizi yake juani, akatoa bahasha ya kaki kwenye koti. Akazitia, akaifunga, akaandika tarehe.

"Asanteni sana," alisema. "Hii ni sampuli nzuri kuliko zote tulizonazo."

"Inaitwa Kui," Mugure alisema kutoka kitini pake, na nyasi zikampanda hadi kidevuni.

Munguti akaitikia kwa kichwa, akaenda kupakuliwa chakula.

Siku hizi kuna ubao mkubwa wa kituo kando ya barabara ya Namanga, karibu na Kajiado, pale ilipopandwa ile sampuli ya bahasha, umeandikwa Munguti Namba Mbili. Kila Jumapili baada ya kanisa Mugure hupelekwa na Mwihaki hadi pale. Hushuka, husimama mbele ya ubao, akamsalimu mtoto kwa jina lake. Nyasi huinuka, huzifunika herufi zote hadi ya mwisho, na mama na binti hurudi nyumbani wamechangamka, wakizungumza habari za soksi. Lesiamon hupitisha ng'ombe hapo jioni, wakala wakashiba, lakini hawawezi kuzimaliza. Jumatatu asubuhi kituo hutuma mtu na fyekeo, azikate zinazobaki, ili jina lisomeke.