Breki za Tata Kazadi

Tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, Tata Kazadi alitengeneza gari kwa vidole. Ujana wake wote ulipita akifungua na kufunga malori ya mgodini, na hapo kwake Kolwezi hakuna fundi mwingine aliyewahi kugusa Toyota yake. Kwa hiyo binti yake Adèle, aliyeliendesha gari hilo kupeleka unga sokoni, alipomwambia breki zinalia na afadhali walipeleke garaji, mzee alinuna kama mtu aliyetukanwa.

"Garage ya nini, mama? Mi nishakufa?"

Adèle akamtazama baba yake akichuchumaa uani, shavu ameliegemeza kwenye bodi, anapapasa gurudumu na kufunga plaketi mpya za breki huku akiimba wimbo wa kanisani. Hakuwa ameimba tangu mkewe afariki. Adèle akashindwa kumkatiza.

"Enda sasa," mzee alisema alipomaliza, akijifuta mikono kwenye suruali.

Kwenye mteremko wa kuelekea Kingamyambo breki zikakwaruza, chuma kwa chuma, na gari likakataa kusimama. Mbele kulikuwa na lori la madini limesimama kwenye foleni. Adèle akakata usukani, gari likaparamia rundo la udongo mwekundu kando ya barabara na kukwama. Kwenye kiti cha nyuma, mwanawe Glodie alikuwa amekumbatia mfuko wa unga uliopasuka. Alikuwa mweupe kichwa hadi miguu.

Walikokotwa hadi garaji ya kijana aitwaye Mechack. Alipofungua gurudumu, alicheka.

"Ni nani alifanya hii? Plaketi ameziweka kinyume! Upande wa chuma njo unakula disque ya gurudumu!"

Wenzake wakaja kutazama, wakacheka naye.

"Ni mi," Adèle alisema.

"Siku ingine ulete kwetu, mama. Hii si kazi ya banamuke."

Adèle akalimeza tusi hilo, akasubiri breki zitengenezwe.

Nyumbani mzee alikuwa mlangoni anawasubiri apate habari za breki. "Frein iko muzuri?"

"Iko muzuri, tata."

"Nkambo!" Glodie akamkimbilia babu yake. "Motokari ilikatala kusimama!"

Mzee alimvuta mjukuu wake, akampapasa kichwa, mabega, mikono, kidole kimoja kimoja. Nyuma ya sikio akakuta unga.

"Mutoto alikuwa ndani?"

"Ndiyo, tata."

"Ni mi njo nilikosea?"

Adèle angeweza kusema plaketi zilikuwa mbovu. Angeweza kumlaumu aliyewauzia. Akamtazama Glodie.

"Ndiyo, tata."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani, na chakula chake kikapoa mezani.

Jumamosi Adèle alimletea, uani alikokuwa ameketi, chupa ya mafuta ya injini. Hii ni kazi ndogo, alijiambia, haimuui mtu.

"Tata, unisaidie kubadilisha mafuta. Mi nitakuangalizia."

Kazadi aliigeuzageuza chupa, akaifungua, akanusa, akaifunga.

"Peleka kwa garage, mama."

"Tata, nakuomba."

"Peleka."

Akamrudishia chupa, kwa upole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuuma Adèle zaidi. Alikwenda kuwasha gari. Alipogeuka kumpungia mkono, kwa mazoea tu, mzee alikuwa ameinuka na kuingia ndani, mlango ameufunga.