Risasi ya Paa

Paa wa kule Riyadh ni wadogo. Ukimbeba mmoja begani ni kama umebeba beberu wa mwaka mmoja. Mnyama wa namna hiyo hahitaji risasi kubwa. Mpe risasi nyepesi ya ncha laini, ile ambayo ikishaingia mwilini inafunguka na kubaki humo humo. Hayo niliyajua Laikipia, nilipokuwa nikibeba bunduki na maji ya wazungu waliopewa kibali cha kupunguza swala kwenye ranchi. Baadaye nilikwenda Juba, nikaenda Doha, miguu ikanifikisha Riyadh, nikawa dereva wa Abu Turki. Lakini usidhani ni mimi peke yangu niliyejua mambo ya risasi. Abu Turki mwenyewe alijua. Pale shambani hakuna asiyejua. Hilo ndilo linaloniuma.

Shamba lilikuwa nje ya Riyadh, na paa walifugwa ndani ya uzio mrefu. Aliyewatunza ni Rajab Wamukoya, mtu wa Mumias, Muislamu asiyekosa swala. Siku ya wageni yeye ndiye aliyechinja. Mimi Nahashon ni Mkristo, kisu changu hakikutakiwa.

Sasa sikia utaratibu wao. Mama yake Abu Turki, bibi mzee wa watu, hakuwa na mchezo na nyama. Alisema paa wa jangwani ukimtajia jina la Mungu ukifyatua, amekufa halali. Lakini wa kwenye uzio ni mali, sawa na mbuzi wa zizini. Kisu kisipomkuta hai, ni mzoga.

"Basi si wamkamate tu wamchinje?" nilimuuliza Rajab siku moja.

"Mzee Naha, mgeni ametoka Jeddah na bunduki, aje kushika mbuzi masikio?"

Kwa hiyo wakati wageni wanapiga, Rajab alikaa kwa mbele, nyuma ya tuta la mchanga, kisu mkononi. Paa akianguka, yeye mbio, amuwahi.

Mara moja walitumia risasi laini, naye Rajab akakaa ubavuni. Paa akaanguka pale pale kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Rajab alipofika, macho yalikuwa yameshasimama. Akakata, damu haikuruka. Jioni bibi akamuuliza, "Ulimkuta hai?" Rajab akajibu, "Hapana, mama." Nyama yote ikapewa mbwa, wageni wakitazama. Tangu siku hiyo Abu Turki aliikalia ruhusa ya Rajab ya kutoka nchini. Mkataba umekwisha, mkewe Zeinab anapiga simu kila Ijumaa kuuliza, na bila kafili, mwajiri aliyekuleta, kukubali huvuki hata mlango wa uwanja wa ndege.

"Wageni wakila kwa amani utakwenda kwenu," Abu Turki alimwambia. "Wallahi, nitakutoa."

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Mjomba wake Abu Turki alikuja kutoka Jeddah na bunduki nzito ya marehemu baba yake, bunduki ya kuangushia ngamia ukitaka. Asubuhi wakaweka vikasha viwili juu ya boneti ya Hilux. Kimoja cha risasi za ncha laini. Kingine cha risasi ngumu zilizovikwa shaba mpaka mwisho, za kijeshi.

"Ya paa ni laini," Abu Turki alisema. "Ngumu itampita kama sindano kwenye kitambaa."

"Laini inamuua papo hapo, na bega zima linakuwa damu iliyoganda," mjomba akajibu. "Mama yako atauliza tena. Ngumu inaacha tundu dogo. Atakimbia kidogo, ataanguka, mtu wako atamkuta anapumua."

Nikaingilia, ingawa sikuulizwa. "Bosi, risasi ngumu ikishampita paa haijachoka. Inaendelea. Na mbele kuna mtu."

Abu Turki akatazama tuta, akatazama vikasha. Nadhani angekubali. Aliyesema ni Rajab, amesimama na kandambili zake, anafuta kisu kwenye suruali.

"Tumieni ngumu, baba."

Nikamvuta pembeni. "Una wazimu? Unajichagulia risasi?"

"Sijichagulii mimi, namchagulia paa."

"Basi usikae mbele. Kaa ubavuni."

"Ubavuni ni mbali. Mara ile nilikaa ubavuni, nikakuta amekufa. Mzee Naha, wewe huna mtu anayekungoja, unazunguka dunia kama nzi wa basi. Mimi nina watu. Leo nikimkosa, nitazeeka hapa nikiwakatia paa majani."

"Bora uzeeke."

"Tuta ni nene," akacheka. "Na mjomba ni mnene. Atapiga hewa tu."

Wakati ule nilimchukia kwa kunichekesha.

"Yalla!" mjomba akaita. Rajab akaenda nyuma ya tuta, akalala. Tuta lilimtosha, sikatai. Shida ni kwamba mtu anayesubiri kumuwahi mnyama hawezi kulala kama maiti; lazima achungulie aone ameanguka wapi, lazima aweke goti tayari.

Paa dume alisimama ubavu. Mjomba akasema bismillahi, bunduki ikalia. Paa aliruka kana kwamba ameumwa na nyuki, akakimbia moja kwa moja kuelekea tuta, akapiga magoti. Rajab, ambaye goti lake lilikuwa juu ya tuta bunduki ilipolia, akajaribu kuinuka amfuate. Halafu akakaa chini, vile mtu anavyokaa akichoka.

Nilikimbia. Paja lake la kulia lilikuwa limefunguka. Ile risasi ilikuwa imeshapinduka ndani ya paa, ikamwingia imelala ubavu, ikasaga mfupa. Hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anajikokota kwa viwiko, kisu mkononi, paa yuko hatua chache anapepesa macho.

"Rajab, acha! Halas!"

"Niache. Bado yu hai."

Akamfikia. Akamgeuza kichwa kuelekea kibla kwa mkono uliojaa mchanga, akataja jina la Mungu, akakata. Damu iliruka. Abu Turki alifika akihema, na Mungu ni shahidi yangu, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Umemkuta hai?"

"Hai, baba."

Ndipo akavua shemagh, kitambaa chake cha kichwani, tumfunge mguu.

Hospitali kubwa ya Riyadh Abu Turki na mjomba hawakuitaka, kwa sababu ya maswali ya polisi. Mjomba alikuwa na daktari anayemfahamu Jeddah. Zahanati fulani ilimfunga jeraha, nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha kutwa nzima. Njiani Abu Turki alipiga simu, sauti yake nyepesi. "Mwambie Rajab mama amekula. Ameisifu nyama."

Nikamwambia. "Alhamdulillahi," akasema Rajab. Sikujua ni yeye au ni homa.

Jeddah walimkata mguu juu ya goti. Daktari alituambia kwa utulivu kwamba safari ilikuwa ndefu mno. Alipopata nafuu kidogo tulikaa chumbani mtaa wa Sharafiya, juu ya duka la simu, chini pale watu wakibishana bei mpaka usiku. Abu Turki alitimiza neno lake. Ruhusa ya kutoka ilikuja haraka, haraka kuliko nilivyowahi kuona kwa mfanyakazi yeyote, na tiketi juu.

Siku ya kusafiri simu ililia. Ilikuwa Zeinab. Rajab akanisukumia.

"Ongea wewe. Mwambie ni gari. Mwambie nimegongwa na gari."

"Kwa nini gari?"

"Ukimwambia ni risasi atauliza nani alipiga. Halafu atauliza nani alichagua."

Nikaipokea. Sauti ya mwanamke yule ilikuwa ya furaha, nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Shemeji Nahashon! Ni kweli anakuja leo?"

"Ni kweli, shemeji."

"Mzima?"

Rajab alikuwa ameketi kitandani, ameukunja mguu wa suruali uliobaki mtupu, anatafuta pini ya kuubana. Alinitazama.

"Mtafute mtu wa kumpokea uwanjani," nikasema. "Mwenye nguvu. Aje na gari lenye nafasi ya kulala."

"Ya kulala?" akauliza. Watoto, sijui waliona nini usoni mwake, wakaacha kelele.