Kope za Mama Yake

Wanyonyi alikuja Kitale kununua mbegu za mahindi, na kabla ya kurudi Naitiri akapitia kwa dada yake kuomba maji ya kunywa. Hakuwa amepiga simu. Alimkuta Nangila sebuleni, ameegemea mito, kitambaa baridi kimefunika macho. Alipokitoa, kaka yake aliona kope zilizovimba na weusi ulioshuka hadi mashavuni.

"Nini hiyo?"

"Niligonga mlango wa kabati."

Jotham, mume wa Nangila, alikuwa anatoka jikoni na bakuli la barafu. Wanyonyi alimtazama, na Jotham akatazama bakuli. Wanyonyi akaondoka bila kunywa maji aliyokuja kuomba.

Nangila alikuwa mwalimu wa biolojia na msimamizi wa ushauri katika shule ya wasichana. Mara nyingi aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwanamke anayesema amegonga mlango huwa hajagonga mlango. Siku hiyo hakulikumbuka somo lake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anaficha jambo lingine.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Likizo ya Aprili ilipoanza, daktari wa upasuaji huko Eldoret alikata ukanda mwembamba wa ngozi kwenye kila kope yake ya juu, akashona palepale kwenye mkunjo, mahali ambapo kovu hujificha jicho likiwa wazi. Nyuzi zilikuwa zimeshatolewa. Damu iliyovuja chini ya ngozi ilikuwa imeteremka kama maji yanavyoteremka, na Nangila alijua ingegeuka kijani, kisha manjano, na kwisha kabla shule hazijafunguliwa. Mstari wenyewe ungechukua miezi kufifia. Alikuwa analala kichwa kikiwa juu, hainami, habebi ndoo, hasugui macho. Kabla ya kumkata, daktari alipima kama ngozi ile ilimzuia kuona. Haikumzuia. "Basi hii ni ya sura tu," daktari alisema, na Nangila akakubali kwamba ni ya sura tu. Jotham hakuipenda safari ile, lakini alimpeleka, na njiani akaahidi kwamba hatamwambia mtu.

Chanzo kilikuwa picha. Mwalimu mwenzake aliiona kwenye simu ya Nangila na kumwuliza, "Hapa umetoka vizuri, ilikuwa lini?" Ilikuwa picha ya mama yake, Rahab, mwenye miaka sabini na miwili. Nangila alikuwa na arobaini na sita.

Jumamosi iliyofuata Nangila na Jotham waliitwa Naitiri, nyumbani kwa kina Nangila.

Baba yake Nangila alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kikao kiliongozwa na Mzee Makokha, baba yake mdogo. Jotham alipewa kiti karibu na mlango. Rahab alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa kuwa mama mkwe haketi pamoja na mume wa binti yake. Lakini pazia halizuii masikio, na kila mtu alijua anasikia.

"Toa miwani, mama," Makokha alisema.

Nangila akatoa miwani nyeusi. Kingo za weusi zilikuwa zimeanza kugeuka kijani, na ukijani huo ulifanya uso uonekane vibaya zaidi kuliko mwanzo. Makokha alivuta pumzi puani.

"Shemeji," Wanyonyi alianza, "wewe ni mtu wa ofisi. Tai kila siku. Ngumi ulijifunzia wapi?"

Jotham akainamisha kichwa.

"Si nakuuliza? Ama kwenu ugali ukichelewa ndio mwanamke anatengenezwa hivi?"

"Wanyonyi, hakunipiga," Nangila alisema.

"Wewe ngoja kwanza. Wewe ni wa kabati."

"Mkwe," Makokha alisema, bila ukali, "mtu akinyamaza mbele ya wakwe zake, sisi tunajua amekubali. Unaelewa hiyo?"

"Naelewa, mzee."

"Sasa sema."

"Muulizeni Nangila."

"Alishaulizwa," Wanyonyi alisema. "Ati kabati. Hiyo kabati iko na mikono miwili, bana. Imepiga kushoto, ikapiga kulia."

Makokha akatoa uamuzi. Nangila angebaki Naitiri. Jotham angerudi Kitale peke yake, na siku ya kumfuata mke wake angekuja na wazee wa kwao na kondoo dume, aeleze mbele yao alichofanya. Juu ya hayo, Wanyonyi alikuwa ameshamwambia naibu wa chifu, na Jumatatu habari ingefika dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Jotham aliweka mikono juu ya magoti. Sentensi moja tu ingemwokoa, na alikuwa nayo. Nangila alimtazama, akaona kwamba hataisema.

"Tazameni vizuri," alisema. Akafunga macho na kuinua uso kwenye mwanga wa dirisha. "Ngumi haiachi mistari miwili iliyonyooka, tena sawasawa kushoto na kulia. Hii imekatwa kwa kisu, ikashonwa. Nilifanyiwa operesheni."

Wanyonyi alisogea, akainama, akatazama. "Ni kweli kuna mshono," alisema.

"Operesheni ya nini?" Makokha aliuliza.

Jibu lilikuja haraka, kwa sauti iliyotulia. "Ngozi ya kope ilikuwa imelegea. Ikawa inanizuia kuona."

Makokha akalegeza mabega. "Sasa si ungesema ni ugonjwa? Tungekuja na maombi. Unatuacha tunamshtaki mtoto wa watu."

"Pole, dada," Wanyonyi alisema. "Macho si kitu ya mchezo."

Nangila alikuwa anaitikia pole hizo wakati sauti ya Rahab ilipotoka nyuma ya pazia.

"Kope zangu ni nzito kuliko zake. Jana nimeingiza uzi kwa sindano mwenyewe."

Kisha pazia likasogezwa, na Rahab akaingia sebuleni. Jotham aliinuka mara moja, akageuza uso nje ya mlango, kama ilivyompasa. Rahab hakumwangalia. Alisimama mbele ya binti yake, mikono nyuma.

"Funga macho."

Nangila akafunga.

"Nani alikukata?"

"Daktari. Nilimwomba mimi."

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Sasa alitoa nini?"

"Ngozi iliyozidi, Mama."

"Ilizidi nini?"

Nangila alifungua macho. Kope za Rahab zilikuwa palepale zilipokuwa siku zote, zimelala juu ya ukingo wa macho, laini, zenye mikunjo midogo. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa walimtazama mama, wakamtazama binti, wakarudi kwa mama, kisha wote wawili wakatafuta mahali pengine pa kutazama. Nangila alijua urefu wa ngozi iliyotolewa, upana wake, na kina cha mshono. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

Rahab alingoja. Kisha akarudi ndani, na pazia likatulia.

"Mkwe, keti," Makokha alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Aliniomba nisiseme."

"Na ungepelekwa polisi kwa sababu uliombwa?"

"Sijui, mzee. Ningeona huko mbele."

Makokha alimgeukia Wanyonyi. "Pigia huyo naibu wa chifu. Mwambie ulikosea."

Naibu wa chifu aliitwa Kiplangat. Wanyonyi aliweka simu kwenye spika, akaeleza kwa kigugumizi kwamba hakuna kesi, ilikuwa operesheni.

"Operesheni?" Kiplangat alisema. "Wanyonyi, hiyo ndio wanasemanga. Wazee wameshawatuliza hapo, sivyo? Nipe mama mwenyewe."

Nangila akachukua simu. "Mume wangu hakunipiga. Nilienda hospitali nikapunguzwa ngozi ya kope."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ati? Unakatika. Sikii kitu."

"Mtandao uko pale kwa ghala," Makokha alisema, akionyesha kwa kidevu.

Jotham alisogea kumpisha mlangoni. Nje, wanawake wa jirani waliokuwa wamesikia kuna kikao walikuwa wamekuja kumsaidia Rahab kupukuchua mahindi. Mikono yao ilisimama alipotokea. Jua lilikuwa kali, na kovu changa likipigwa na jua huwa jeusi. Nangila akakinga uso kwa kiganja, akasimama kando ya ghala.

"Sasa sema," Kiplangat alisema.

"Sikuwa mgonjwa." Ilibidi atumie sauti ya darasani. "Nilikuwa nafanana na mama yangu, nikataka nionekane kijana. Nilikwenda mwenyewe. Mume wangu hakunigusa."

"Haya, sasa nimesikia vizuri," Kiplangat alisema. "Kijana. Sawa, mwalimu. Hiyo nitaifuta."

Bibi mmoja kati ya wale wanawake hakujua Kiswahili. Aliuliza kilichosemwa, na mwenzake akaanza kumweleza kwa Kibukusu, polepole, neno kwa neno. Nangila aliendelea kusimama pale, simu ikiwa bado sikioni, mpaka yule mwanamke akamaliza kueleza.