Nyumbu wa Mahari

Pikipiki ilikuwa imeshashika lami, Wegesa kakaa nyuma na begi la viatu mgongoni, na akina mama wa Nyarero bado wanaikimbiza kwa vigelegele. Timu ya taifa ya wanawake ilikuwa imemwita tena. Baba yake, Nyangwine, alikimbia nao mpaka ndala ikamtoka.

Kaka yake, Mogesi, alichezea ile ya wanaume. Jezi ile ile, wimbo ule ule. Yeye alirudi akaezeka nyumba bati na kujaza zizi lake. Wegesa alirudi na nauli tu. Ila safari hii bungeni kulikuwa na muswada wa malipo sawa kwa timu zote mbili, na kijiji kizima kiliufuatilia kama fainali.

"Taifa limemchukua binti wa Nyarero!" mtangazaji akapaza sauti redioni.

"Mmesikia?" Nyangwine akasema. "Limemchukua. Msichana akichukuliwa, ng'ombe wanakuja."

"Baba Mogesi, hayo ni maneno ya redio," mkewe Waisiko akacheka.

"Taifa zima liseme uongo? Fungua zizi."

Akafungua. Asubuhi nyumbu wakaingia. Walitoka mbuga ya Ikoma, wakapita Nyansurura bila kukanyaga hindi la mtu, madume mbele, mitamba nyuma. Mzee Heche wa ukoo akawakagua meno. Alilalamika kwamba ndevu zimezidi, akawapokea. Ngoma ikapigwa. Jioni, redioni, Wegesa akafunga bao, na zizi zima likaguna kwa furaha.

Kisha akaja Simon, askari wa wanyamapori.

"Shikamoo, mzee. Hawa ni mali ya serikali."

"Marahaba. Na aliyeoa ni nani?"

Simon akafikiri, akanywa uji, akaona mzee ana hoja. "Basi tusikilize redio. Muswada ukipita, mahari imekamilika, wabaki. Usipopita, nawaswaga."

Watu wakaizunguka redio, wengine wakapanda juu ya uzio. Nyumbu nao wakasogeza masikio. Mtangazaji akasema muswada umerudishwa ukaandikwe vizuri.

Simon aliwaswaga taratibu, kofia mkononi.

Mogesi ameacha mpira, ana duka Sirari. Heche alifariki, akazikwa vizuri. Simon alihamishwa. Nyumbu jike mmoja aligoma kuondoka. Waisiko humkamua, chai inanywika. Muswada unaandikwa. Nyangwine hafungi zizi. Wegesa sasa ni nahodha. Hurudi na nauli, na nyumbu yule humpokea barabarani.