Sekta Iliyoshika Mkia

Kazi ya yule mama ilikuwa kupima ubunifu wa viwanda, na mwaka ule alitamani bora angeuza nyanya. Ofisi yao ilizipanga sekta kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho: plastiki, dawa, ngozi, vyakula, nguo. Ambayo ingeshika mkia ingeondolewa kwenye nafuu ya bei ya umeme. Na kiwanda cha nguo ambako kaka yake alikuwa fundi mkuu kisingemaliza mwaka bila nafuu hiyo. Hilo alilijua vizuri mno.

Alikwenda kupima na wenzake wawili wa ofisini. Kaka yake akawapokea kwa soda baridi. Mashine za kufuma zilikuwa zilezile za tangu wao watoto, zikijikongoja.

"Kuna kipya chochote mwaka huu?" aliuliza.

"Hamna, dada. Tunasukuma siku tu."

Lahaula! Uongo wa mchana kweupe. Mafundi walikuwa na kifaa walichokibuni wenyewe kwa springi na spoki za baiskeli: uzi ukikatika, hata mmoja, kinasimamisha mashine kabla nguo haijaharibika. Walikiita Wifi, kwa sababu hakuna kosa dogo linalompita, na akiliona hakuna kazi inayoendelea. Lakini honi ya wageni ilipolia getini, walikimbia kuwang'oa mawifi wote na kuwafungia stoo. Ndivyo mafundi wa nguo walivyo. Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kiliwahi kuwaibia ufundi wa rangi, wakaapa hawaibiwi tena.

Yule mama alikuja kuambiwa na mke wa kaka yake, jikoni kwao, kwa kicheko. "Yaani wifi, hata wewe umefichwa!"

Hakucheka. Alimfuata kaka yake sebuleni.

"Unanificha mimi? Tumbo moja?"

"Sikukuficha wewe. Niliwaficha uliokuja nao."

"Basi waonyeshe kabla jedwali la sekta halijafungwa! Watu wote wale wakose kazi kwa ajili ya springi?"

Kaka yake akauliza, "Na siri ikitoka?"

"Niachie mimi," alisema, na neno hilo litamtafuna mpaka kaburini.

Mkurugenzi wa ofisi yao alikuja mwenyewe. Mafundi wakafunga vifaa mbele yake, mashine zikanguruma, uzi ukakatwa makusudi, mashine ikasimama palepale. Mkurugenzi akapiga makofi, akaamuru kipigwe picha kila upande. Mafundi wakatazamana.

Kurudi ofisini, ngoma ikageuka.

"Kina hataza, ile hati ya kulinda ubunifu?" mkurugenzi aliuliza.

"Hakina, mzee."

"Kilinunuliwa bei gani?"

"Hakikununuliwa. Wamekitengeneza."

"Sasa tukihesabu wapi, mama? Sisi tunahesabu hataza, mashine mpya na wahandisi wenye shahada. Tukianza kuhesabu spoki za baiskeli, watu watatucheka."

Alibisha, alisihi, nusura apige magoti. Wapi! Plastiki ikatoka ya kwanza kwa mashine zake za kuagizwa nje, nyingine bado zimo ndani ya makasha kwa kukosa wa kuziwasha. Nguo ikashika mkia.

Ripoti ikatoka kwenye karatasi za kung'aa. Na juu ya jalada, jamani, walikuwa wameweka nini? Wifi! Mkubwa, wazi, kila skrubu inahesabika. Hakuna aliyemwuliza yeye wala kaka yake. Ndani, kwenye jedwali, nguo mstari wa mwisho.

Jumapili kaka yake alikuja nyumbani kwake, ripoti kwapani. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Wale wa ng'ambo ya barabara wameshafunga mawifi wao kwenye mashine," alisema. "Na wana jenereta, bei ya umeme ikipanda haiwaumizi. Sisi tumeambiwa kiwanda kinafungwa, mwisho wa mwezi kila mtu abebe virago vyake."

"Kaka, nisamehe. Wallahi sikujua kama wangeiweka ile picha."

Alitamani kaka yake amtukane, ingekuwa nafuu. Kaka akaiweka ripoti mezani taratibu, picha ikiangalia juu.

"Wahenga wanasema mficha uchi hazai," alisema. "Haya, sisi tumevua, dada, mbele ya mkurugenzi na kamera. Niambie wewe mpimaji, mtoto yuko wapi?"