Zamu ya Rahabu

Mika Shekiondo aliamka kabla ya kengele, akavaa kaptula ya chuo, akachukua jembe aliloazima jikoni, akatoka. Bweni zima lilikuwa bado limelala. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima wa Magamba mpaka kwenye milingoti ya magoli, na baridi ilimuuma magoti. Akaenda hadi kona ya juu ya kiwanja cha mpira, pale unapopita mfereji, akaondoa bonge la udongo. Maji yakaingia kiwanjani.

Kwao Mtae hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kufungua maji zamu ya shamba lao ikifika. Tangu aanze chuo cha walimu Lushoto, uji ulikuwa haushuki, masomo hayaingii, na kwenye mpira, ambako kwao alikuwa moto, alikuwa anajikwaa tu. Kiwanja cha chuo kilikuwa bapa kama sinia, na Mika alikuwa hajawahi kukimbia mahali bapa. Kwao walicheza ubavuni mwa mlima. Timu ya chini iliongezewa mtu, na aliyepiga mpira bondeni aliufuata mwenyewe, hata kama umefika tambarare ya Mkomazi.

Mkuu wa chuo, Bwana Harrop, alikuwa ameshatangaza: asiyeweza darasani wala mchezoni atapandishwa lori arudi kwao, mara tu baada ya mechi ya sikukuu ya kutawazwa Malkia. Alitangaza huku anamtazama Mika.

Basi Mika akawa anafungua maji. Akishafungua, uji ulishuka na hesabu zikaingia.

Siku ya kwanza alimkuta mama mmoja amesimama pale kwenye kona, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenifungulia?"

"Kwani ni zamu yako?"

"Yangu. Ya nani tena?"

Aliitwa Rahabu. Shamba lake la maharage na migomba lilikuwa papo hapo, kabla chuo hakijalichukua na kulichonga liwe kiwanja. Shamba lilikwenda, lakini wazee wa mfereji hawakumnyang'anya zamu, kwa hiyo alikuja kuichukua kama kawaida. Alisimama mpaka maji yafike goli la chini, akafunga, akaenda zake.

Kiwanja kilianza kuinama wiki ileile. Maji yanataka mteremko, nacho kikayapa. Kwanza mpira ukiwekwa katikati uliondoka wenyewe, polepole, bila haraka. Baadaye kipa wa juu akawa anawaona wenzake utosi tu. Bwana Harrop alileta pima maji, akailaza kwenye majani, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akaagiza nyingine kutoka Tanga. Nayo ikasema vilevile.

"Kuna mtu anafungua mfereji," alisema mstarini. "Nikimjua, lori ni lake."



Jioni Mbaraka, kijana wa Tanga aliyelala kitanda cha jirani, alimvuta Mika shati. "Shekiondo, acha bwana. Mimi mtu wa pwani, miguu yangu imezoea sawa kwa sawa. Jana nimepiga kona ikanirudia mwenyewe."

"Nikiacha sili."

"Basi usile. Njaa haina lori."

Mika akaacha. Uji ukamkwama, na mazoezini alianguka bila kuguswa na mtu. Kiwanja kikaanza kunyooka. Alfajiri iliyofuata dirisha la bweni likagongwa kwa mpini wa jembe, taratibu, kama mtu anaamsha mwanawe.

"Mwanangu, zamu yangu inapita."

Mika alijifunika shuka mpaka kichwani. Mbaraka akajitia anakoroma. Dirisha likagongwa tena, vilevile, bila hasira.

Mika akatoka.

Siku ya sikukuu kiwanja kilikuwa kimeinama kama Mtae kabisa. Kiti cha Bwana DC kiliwekewa matofali upande mmoja ili asimwage chai. Nahodha wa makarani wa boma, waliokuja kucheza na chuo, alimwendea refa.

"Hiki kiwanja kimekaaje?"

"Kimekaa hivyo unavyokiona."

Mika akaeleza wanavyocheza kwao, refa akakubali. Makarani walianza juu, wakapata magoli mawili ya haraka, lakini walikuwa wamezoea kupiga kwa nguvu, na kila mpira waliopiga bondeni waliufuata wenyewe. Mpaka wanabadilishana upande, wengine walikuwa wanarudi wakiwa wameshika viuno. Mika alishuka na mpira kama anayetumwa dukani na mama yake. Alifunga, akafunga tena, akafunga tena. Mbaraka alikaa chini akashangilia akiwa amekaa, maana kusimama kulimshinda.

Bwana DC alipomaliza kukabidhi kombe aliuliza nani anatunza kiwanja chenye majani mabichi namna ile. Bwana Harrop akaitazama miguu ya Mika. Ilikuwa na tope la zamani mpaka kwenye goti. Lori lilikuwa linaunguruma getini. Nje ya ua alisimama Rahabu na jembe lake, anamtazama Mika, anangoja.

"Ni wewe?" Bwana Harrop aliuliza.

Mika alikuwa na jibu lote mdomoni, na jina la mwenye shamba ndani yake.

"Ni mimi, bwana. Namwagilia majani."

"Vizuri," alisema Bwana DC.

Lori likaondoka na viti vya wageni. Mika akapewa usimamizi wa kiwanja. Chuo kiliandika sheria za Mtae ukutani, na timu zilizokuja kucheza zilizifuata.

Baada ya muda maharage yaliota kwenye goli la chini, na mgomba mmoja mahali pa kupigia penalti. Bwana Harrop aliagiza vikatwe, na msimamizi wa kiwanja akashika fyekeo. Alfajiri alifungua maji, Jumamosi alifyeka.

Jumamosi moja Rahabu aliingia mpaka kwenye lundo la vilivyofyekwa. "Nigawie hayo majani. Ng'ombe wangu hajala."

Mika akamfungia mzigo mzuri, maua ya maharage yakiwa yananing'inia pembeni, akamtwisha.

"Asante, mwalimu," alisema Rahabu.

Kengele ya chakula ikalia. Uji wa siku hiyo ulishuka vizuri.